Maabara Mbili, Slaidi Moja: Mwafaka Hupimwaje?

Mgonjwa anayekohoa anapoambiwa na maabara moja kwamba makohozi yake yana bakteria wa kifua kikuu, na nyingine ikasema hayana, ana haki ya kutatizika. Akishika jibu la hasi ilhali anaugua, atarudi nyumbani kuwaambukiza wanawe. Akishika la chanya ilhali haugui, atameza dawa kwa miezi sita bila sababu. Ndiyo maana sehemu ya slaidi zilizokwisha kusomwa kwa hadubini hupelekwa kwa msomaji wa pili, asiyejua jibu la kwanza.

Majibu yakisharudi, wengi wetu hukimbilia asilimia. Tuchukue mfano wa kubuni wa slaidi 100. Kila maabara imeona chanya 10, lakini zilizo chanya kwa zote mbili ni 4 tu, na zilizo hasi kwa zote mbili ni 84. Zimekubaliana kwa slaidi 88. Asilimia 88 ikibandikwa ukutani hupendeza sana! Hata hivyo, kati ya slaidi 16 ambazo angalau maabara moja iliona bakteria, 12 zimeleta mzozo, na nyuma ya kila moja kuna mgonjwa.

Asilimia hiyo inadanganya kwa sababu hasi ni nyingi. Lau kila maabara ingefumba macho na kuandika chanya kwenye slaidi 10 zozote, kwa sadfa tupu tungetarajia zikubaliane chanya 1 na hasi 81, jumla 82. Mwaka 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, Jacob Cohen, alipendekeza kipimo kiitwacho kapa, kinachoondoa sadfa hiyo. Toa 82 katika 88, zabaki 6. Toa 82 katika 100, zabaki 18. Gawa 6 kwa 18, upate 0.33. Kapa ya 1 ni mwafaka kamili, na 0 ni sadfa tu.

Landis na Koch walipanga madaraja mwaka 1977: 0.21 hadi 0.40 ni mwafaka wa kiasi tu, na zaidi ya 0.80 ni karibu kamili. (Koch huyu si Robert Koch aliyetangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882.) Wenyewe walikiri kwamba mipaka hiyo waliiweka kwa hiari yao, kwa hiyo sioni sababu ya kuifanya sheria. Tena, pale chanya zinapokuwa chache mno, kapa hushuka hata kama wasomaji ni hodari. Ripoti itoe hesabu zote nne za jedwali, si kapa peke yake.

Lipo na swali la mwelekeo. Katika mfano wetu, kila maabara ina chanya 6 ambazo mwenzake hakuziona. Hakuna aliyeelemea upande. Lakini zingekuwa 11 dhidi ya 1, jaribio alilolieleza McNemar mwaka 1947 lingetustua: tofauti ni 10, kipeo chake cha pili ni 100, ukigawa kwa 12 wapata 8.3, nasi hushuku upendeleo kuanzia 3.84. Hapo ama mmoja anahesabu mabaki ya rangi kuwa bakteria, ama mwingine anapitia slaidi kwa haraka.

Kipimo chochote kati ya hivi hakisemi nani yuko sahihi. Maabara mbili zaweza kukosea pamoja zikakubaliana vizuri kabisa. Slaidi zenye mzozo huamuliwa na msomaji wa tatu mwenye uzoefu, naye hutofautisha makosa. Bakteria 1 hadi 9 katika nyuga 100 za hadubini ni wachache hata jicho zuri huweza kuwakosa, na kosa hilo huhesabiwa dogo. Slaidi iliyojaa bakteria ikiitwa hasi, hilo ni kosa kubwa: hadubini, rangi na msomaji vyote hukaguliwa, na mgonjwa hutafutwa.