Goma: Gari ikikosa nguvu kwenye mupando, filtre ya hewa iangaliwe kwanza

Dereva anakanyaga mafuta mpaka chini, motere inalia, lakini gari haiongezi mwendo. Madereva wa teksi na wa mizigo mjini Goma wanaujua ugonjwa huo. Hatari yake inaonekana pale dereva ameanza kupita lori kwenye mupando na gari ingine inatokea mbele.

Fundi mwenye haraka anataja pompa ya mafuta, na pompa ni bei kali. Lakini vumbi nyeusi ya volkano inaziba filtre ya hewa, na motere inakosa pumzi. Ile ya mazutu inatoa moshi mweusi. Tena mji uko karibu mita 1.500 juu, hewa yenyewe ni nyepesi. Filtre itolewe, itazamwe kwenye mwangaza: kama mwangaza haupiti, ibadilishwe.

Ikiwa safi, shida itafutwe kwenye mafuta. Esansi ya bidoni, ile ya wale wanaoitwa Kadhafi, inaweza kuwa na maji ao uchafu, na filtre ya mafuta inaziba. Gari kama hiyo inatembea vizuri polepole, inashindwa tu ikiombwa nguvu. Halafu buji: zikichakaa, motere inatetemeka.

Motere ikipandisha mizunguko na mwendo unabaki palepale, ni ambreyaji inateleza. Gurudumu moja ikiwa moto sana kuliko zingine, freni inashika.

Na kabla ya kulipa pompa, dereva aombe kuonyeshwa zile filtre mbili.