Dola 300 Zinafika Ngapi Mkononi?

Mwanzoni mwa 2024 dola ya Marekani ilikaribia shilingi 160 za Kenya. Kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Kijana wa Nairobi aliyekuwa akitengeneza tovuti kwa dola 300 na kupata 48,000, akawa anapata 38,700 kwa kazi ileile na bei ileile, kabla hajakatwa chochote.

Hayo ni ya sarafu. Wateja nao wamebana mkono. Kati ya 2022 na katikati ya 2023 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5. Kampuni changa zilizokuwa zikiishi kwa fedha za wawekezaji zikapunguza watu, na baadhi yao wakaingia kwenye soko lilelile la vibarua wa mtandaoni. Kuna pia sheria isiyotajwa sana huku kwetu: tangu 2022, kampuni ya Marekani inayogharimia uundaji wa programu nje ya nchi hulazimika kuigawa gharama hiyo kwa miaka 15 katika hesabu zake za kodi. Mwaka 2025 kazi ya ndani ya Marekani ilipewa nafuu. Ya nje ikaachwa palepale. Halafu ikaja akili mnemba. Kutengeneza ukurasa mmoja wa matangazo au kurekebisha fomu, mteja sasa anajaribu mwenyewe kwanza. Ndizo kazi ambazo mgeni huanzia, na ndizo zilizoporomoka bei.

Basi uza wapi? Tushike hizo dola 300.

Fiverr, soko la mtandaoni la vibarua, hukata asilimia 20, zinabaki 240, yaani shilingi 30,960 kwa kiwango cha 129. Wengi huikimbia kwa makato hayo na kwenda Upwork, soko jingine la aina hiyo, ambako makato yalikuwa asilimia 10 kuanzia 2023, na tangu Mei 2025 huweza kuwa popote kati ya sifuri na 15 kulingana na mkataba. Kwa asilimia 10 unabaki na 270. Lakini Upwork unalipia hata kuomba kazi: kila tokeni ya maombi, wanayoiita Connect, ni senti 15 za dola. Chukulia ombi moja linakula tokeni 12, na unaomba mara 15 kabla ya kupata kazi. Hizo ni dola 27. Umebaki na 243! Tofauti na Fiverr ni dola tatu, na bado hatujahesabu jioni ulizokesha ukiandika maombi ambayo hakuna aliyeyasoma. Asiye na sifa za wateja bado, kwa maoni yangu, haoni faida yoyote ya Upwork mpaka maombi yake yaanze kujibiwa.

Mteja wa moja kwa moja hakati kitu, ila ada za kutuma pesa. Hatari yake ni kwamba hakuna anayeshikilia malipo kwa niaba yako: mteja akinyamaza, umenyamaziwa. Mteja wa hapa Kenya hulipa kwa shilingi, kwa hiyo dola ikiyumba hujali. Akikukata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuipeleka kwa mamlaka ya mapato (KRA), mdai cheti, kwa sababu kiasi hicho huhesabiwa kwenye ritani yako. Tatizo lake ni kuchelewa. Ankara ya Januari inaweza kulipwa Aprili, na kodi ya nyumba haingoji Aprili.

Njia mbaya kuliko zote ni ile inayovutia zaidi: kushusha bei. Ukitoka dola 20 kwa saa hadi 12, unafukuzana na watu wanaoweza kushuka hadi 6, na mteja wako wa zamani atataka bei mpya pia. Afadhali uwe na wateja wachache wanaolipa kila mwezi kwa kutunza mifumo yao, na soko la mtandaoni ulitumie kujaza mapengo tu. Mteja mpya wa moja kwa moja mtoze theluthi ya malipo kabla hujafungua kompyuta. Akikataa, mwache aende.