NGOZI YAKO NI NGUO YA KUJIKINGA



Kazini kila mmoja anavaa kofia ngumu, viatu vya kazi na glavu. Lakini iko nguo moja ya kujikinga ambayo kompani haiwezi kukupa: ngozi yako. Rangi yake nyeusi inapunguza ukali wa miale ya jua. Hata hivyo wako kati yetu, wanawake na wanaume, wanaonunua mafuta na sabuni ili kuitoa.

Tamaa ya kubadili rangi si ya kwetu tu. Ulaya wako wazungu wanaolala chini ya taa za umeme ili wawe weusi kidogo. Mwaka 2009 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) waliziweka taa hizo katika kundi moja na tumbaku: vitu vinavyoleta kansa kwa hakika. Wao wanaongeza rangi, sisi tunaipunguza. Wote tunaharibu ngozi.

Mafuta ya weupe mara nyingi yana kimoja cha vitu hivi:

1. Zebaki (kwa Kifaransa mercure). Inapenya ngozi, inaingia katika damu na kuharibu figo. Mama mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto aliye tumboni.

2. Hidrokinoni. Mwanzo inang'arisha. Ikitumiwa muda mrefu, inaweza kuleta madoa meusi usoni ambayo ni shida kuyatoa.

3. Kortizoni, kama klobetasoli. Hii ni dawa ya munganga. Ukijipaka mwili mzima kila siku, ngozi inakuwa nyembamba na kupasuka michirizi. Sukari na tansiyo vinaweza kupanda.

Sasa fikiri juu ya mfanyakazi aliyejeruhiwa, au mama anayepasuliwa ili azae. Ngozi nyembamba haishiki vizuri uzi wa kushona, na kidonda kinakawia kupona. Hapo weupe hausaidii kitu.

Basi, tufanye hivi. Usinunue mafuta yasiyoandikwa yana nini ndani. Usimpake mtoto. Kama umekwisha kuzoea kortizoni, usiiache kwa siku moja: njoo dispansari bila haya, tutakuonyesha namna ya kuipunguza polepole. Na wewe bwana, usimsifu bibi yako kwa weupe wa chupa. Franga zile ni za bukari na za masomo ya watoto.