Nani Anatusafishia Telefone?

Coltan ya telefone tunaichimba huku kwetu. Lakini picha mbaya zikiingia ndani, nani anaziondoa? Kule Nairobi, kampuni Sama iliweka vijana kutazama mauaji na ubakaji kwa ajili ya Facebook. Mimi nisingeweza hata siku moja! Mwaka 2021 wengine walisoma maandishi ya namna hiyo kwa ajili ya OpenAI, ili mashine ijifunze kuyakataa; mshahara haukupita dola 2 kwa saa. Mwaka 2022 Daniel Motaung wa Afrika ya Kusini alishitaki Sama na Meta, wenye Facebook. Wenzake 184 wakafuata 2023. Daktari aliwapima, akakuta zaidi ya 140 wameumia akili. Septemba 2024 majaji wa rufani walikubali: Meta inaweza kuhukumiwa Kenya.