Diski Inapotoa Onyo: Irudishwe au Ibaki?

Mfanyabiashara anayeuza diski kuu za kompyuta, zile ambazo mafundi huziita hadi-diski, kwa faida ya asilimia 10 juu ya bei ya kununulia, hupoteza faida ya diski kumi kila anapombadilishia mteja moja kwa gharama yake mwenyewe. Kwa hiyo kuirudisha diski kwa mtengenezaji ni suala la hesabu kabla halijawa suala la ufundi.

Tangu miaka ya 1990 diski hujipima zenyewe kwa utaratibu uitwao SMART, na programu za bure kama CrystalDiskInfo na smartmontools husoma vipimo hivyo. Tatizo ni kwamba orodha ni ndefu, na si kila namba kubwa ni ugonjwa. Diski za Seagate huonyesha takwimu za mamilioni katika kipimo namba 1 na namba 7 hata zikiwa nzima kabisa. Kipimo namba 199 nacho mara nyingi hulalamikia kebo. Kebo ikibadilishwa hesabu huacha kupanda, ingawa haishuki. Anayerudisha diski kwa sababu ya namba hiyo peke yake analipa nauli ya bure.

Vipimo vyenye uzito ni namba 5, 187, 188, 197 na 198. Namba 5 huhesabu sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizokufa na nafasi zake kuchukuliwa na sekta za akiba. Namba 197 huhesabu zile zilizoshindwa kusomeka na bado zinasubiri hukumu. Kampuni ya Marekani ya Backblaze, inayohifadhi kumbukumbu za wateja katika maelfu ya diski, ilieleza mwaka 2016 kuwa asilimia 76.7 ya diski zake zilizoharibika zilikuwa na alama katika angalau kimojawapo cha vipimo hivyo vitano. Kati ya diski zilizokuwa bado zinafanya kazi, ni asilimia 4.2 tu zilizokuwa na alama hizo. Upande wa pili wa takwimu hiyo hausemwi sana madukani: karibu diski moja katika kila nne zilizokufa haikutoa onyo lolote. Nakala ya akiba haikwepeki, hata SMART ikisema yote ni salama. Isitoshe, kiwango cha SMART kutangaza kuwa diski imeshindwa hupangwa na mtengenezaji mwenyewe, ambaye ndiye mlipaji wa waranti.

Kinachotazamwa zaidi ni mwendo wa namba. Sekta 8 zilizobaki 8 mwaka mzima zinaweza kuvumilika katika kompyuta isiyo na kazi nzito. Sekta 8 Jumatatu na 40 Ijumaa ni diski inayokwenda. Utafiti wa Google wa mwaka 2007, uliohusu diski zaidi ya 100,000, ulikuta kwamba diski ikishaonyesha hitilafu ya kwanza ya ukaguzi wa sekta, uwezekano wa kuharibika ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na hitilafu hiyo.

Kwetu kuna jambo la umeme. Umeme ukikatika diski ikiwa inaandika, sekta inaweza kusomeka vibaya bila kuwa mbovu. Fundi mwangalifu huhamisha kwanza kumbukumbu, kisha huandika diski nzima upya. Namba 197 ikirudi sifuri na namba 5 isipopanda, diski hurudi kazini. Namba 5 ikipanda, fomu ya madai ijazwe, hasa kama waranti imebakiza miezi miwili.

Waranti zenyewe zimepungua. Baada ya mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011, Seagate na Western Digital zilifupisha muda kwa baadhi ya diski za kawaida, nyingine kutoka miaka 3 hadi mmoja. Diski za seva nyingi bado hupewa miaka 5, lakini ile iliyouzwa kwa kiwanda cha kompyuta huenda isidaiwe kwa mtengenezaji wa diski, na iliyokusudiwa nchi nyingine huweza kukataliwa. Namba ya mfululizo iliyobandikwa juu yake ikaguliwe katika tovuti ya mtengenezaji kabla fedha hazijatoka mfukoni. Mapema mwaka 2025 iligundulika Ulaya kuwa diski za Seagate zilizokwishatumika, nyingine kwa maelfu ya saa, zilikuwa zikiuzwa kama mpya baada ya hesabu ya saa za SMART kufutwa. Zilifichuliwa na kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM, ambayo smartmontools za sasa huisoma.

Anayerudisha asitarajie mpya. Kwa kawaida hupewa diski iliyofanyiwa ukarabati, yenye muda uliobaki wa waranti ya awali au siku 90, kutegemea upi ni mrefu zaidi. Nauli ya kuipeleka mara nyingi ni yake, na ikifungashwa ovyo ikagongwa njiani, madai hufa.

Kuna pia mali ya mteja iliyomo ndani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 humbana anayeshika taarifa za watu. Diski iliyokufa haifutiki, kwa hiyo ofisi zenye majalada ya wagonjwa au wakopaji hufunga diski kwa usimbaji tangu siku ya kwanza, au huiponda na kusamehe waranti.