Betri ya Gari Inayokufa Msimu Unapofika



Msimu uliopita tulipata taabu moja ambayo nimeona haifai kunyamaziwa, na kwa kuwa kosa lilikuwa langu mimi Katibu, ni haki niwe wa kwanza kuisema. Siku ya pili ya uchumaji, jioni, magunia ya karafuu mbichi zilizokwisha kuchambuliwa yalikuwa yakingoja gari ya Chama iyapeleke sakafuni ili zianikwe asubuhi. Dereva akatia ufunguo, gari ikalia tik, tik, tik, basi. Gari ile ilikuwa imesimama bandani tangu mwisho wa mavuno ya nyuma, na wiki moja kabla ya siku hiyo mimi niliingia ndani yake kutafuta daftari nikaiacha taa ndogo ya juu inawaka. Karafuu zilifika sakafuni kesho yake, alasiri, na mawingu yamekwisha kufunga. Nyote mwajua karafuu mbichi zikikaa guniani hufanyaje: hupata joto, hujipika zenyewe, na zikikauka huwa nyepesi, zimefifia rangi, na kwenye mizani hapana wa kuzionea huruma.

Tangu siku hiyo nimewauliza mafundi na kusoma nilichoweza kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Betri ya gari ni kitu cha zamani kuliko gari lenyewe. Aliyeibuni ni Mfaransa, Gaston Planté, mwaka 1859, na asili yake mpaka leo ni ile ile: bamba za risasi zilizozama ndani ya maji yenye asidi. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti mbili na kidogo. Betri ikitoa moto, asidi hushikamana na zile bamba, zikafanya ukoko mweupe, na maji yakabaki dhaifu. Ikitiwa moto, ule ukoko huyeyuka na asidi hurudi majini. Hapo ndipo penye siri yote. Ukoko ukiwa mpya hurudi; ukiachwa miezi, hugeuka mgumu kama chokaa kwenye birika, na hapo hata ukiitia moto mchana kutwa haupokei. Kwa hiyo iko betri iliyolala na iko betri iliyokufa, na mara nyingi tofauti ya hizo mbili ni muda tu ambao mwenyewe aliiacha bila kuishughulikia.

Sasa tazama desturi yetu. Gari zetu nyingi za shamba hufanya kazi usiku na mchana wakati wa karafuu, kisha husimama. Betri hupungua moto yenyewe hata isipotumika, na katika joto kama la kisiwa chetu hupungua upesi zaidi. Juu ya hayo, gari za siku hizi zina saa, redio na kengele ya wezi, na vyote hivyo hunyonya kidogo kidogo hata gari ikiwa imefungwa. Msimu ukifika, mwenye gari anaikuta haina kitu, na ndiyo siku anayoihitaji kuliko zote.

Baadhi yetu hudhani dawa ni kuiwasha gari kila Ijumaa dakika tano na kuizima. Nami nilidhani hivyo. Hiyo si dawa. Kule kuwasha hula moto mwingi kwa mara moja, na injini ikinguruma taratibu bandani hairudishi kilicholiwa. Afadhali uiendeshe barabarani nusu saa au zaidi mara moja kwa wiki, ama uifungue ncha ya kutoa, yenye alama (−), uiache betri peke yake, na kila mwezi uipeleke kutiwa moto. Wenye gari mpya wamwulize fundi kwanza, kwa kuwa nyingine zikikatwa umeme redio hudai namba ya siri.

Ukifungua betri, anza na ncha ya (−), na ukiifunga, hiyo iwe ya mwisho. Sababu ni hii: bodi ya gari imeungwa na ncha ya (−), basi spana ikigusa ncha ya (+) na bodi kwa pamoja, moto wote wa betri hupita katika spana. Nimemwona fundi mwenye alama ya pete kidoleni kwa ajili hiyo. Pete ilivuliwa siku nyingi, alama ipo.

Kwa mwenye mita ya umeme, ambayo si ghali, namba ni chache. Betri iliyotulia usiku kucha ikisoma volti 12.6 imejaa. Ikisoma 12.4 yataka kutiwa moto. Ikisoma 12.0 imekwisha, usiichelewe hata siku moja. Kisha washa injini upime tena: iwe baina ya 13.8 na 14.4 au karibu yake. Ikibaki 12, betri haina kosa. Kosa ni la alteneta, au mkanda wake umelegea, na ukinunua betri mpya utakuwa umetupa fedha. Asiye na mita awashe taa kubwa kisha ajaribu kuwasha gari. Taa zikififia zikawa kama mshumaa, betri ni dhaifu au ncha zake ni chafu. Taa zikibaki kali na gari haiitiki, tazama stata na waya zake.

Hizo ncha chafu zimewalaza watu njiani wengi. Ule unga mweupe au wa kijani huzuia moto kupita. Uoshe kwa maji moto yenye magadi kidogo, maji yasiingie vyumbani, futa, kaza, kisha paka grisi.

Tukija kwenye maji ya betri: betri yenye vifuniko itazamwe kila mwezi, na bamba zisionekane nje ya maji. Kinachopungua ni maji, si asidi, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji safi ya betri. Ya kisima au ya bomba yana chumvi, huziharibu bamba. Kuna wanaotia asidi kwenye betri dhaifu ili iamke. Huamka kweli, siku chache, kisha bamba huliwa. Wengine husema betri ikiwekwa juu ya saruji hunyonywa moto. Gamba la betri za leo ni plastiki, saruji haina la kufanya. Betri iliyokaa chini miezi mitatu ingepungua moto hata juu ya kitanda.

Gari ikigoma na jirani akakupa yake, hakikisha kwanza kwamba zote mbili ni za volti 12, maana malori makubwa mengi ni ya volti 24. Gari zisigusane. Waya nyekundu: (+) ya betri iliyolala, kisha (+) ya betri nzima. Waya nyeusi: (−) ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho uibane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyolala, mbali na betri. Betri hutoa hewa ya haidrojeni inayolipuka, na cheche ya mwisho isipigwe juu yake. Kwa sababu hiyo hiyo, asiwepo mwenye sigara wala kibatari. Washa gari nzima, ngoja dakika tano, ndipo uwashe ya pili. Ikiwaka, fungua waya kwa kurudi nyuma ulivyofunga. Kusukuma kunafaa kwa gari ya gia za mkono tu. Zile za otomatiki mtazisukuma mpaka Konde bila ya kuwaka.

Betri iliyokufa kabisa isivunjwe nyumbani wala kuyeyushwa risasi yake karibu na watoto, kwani risasi ni sumu inayokaa mwilini. Asidi yake isimwagwe shambani wala karibu na kisima. Iuzeni nzima kwa wanunuzi wa betri chakavu.

Chama kimenunua mita moja, chaja moja, na jozi ya waya nene. Vyote viko ofisini, na gari yoyote ya mwanachama itapimwa bure wiki mbili kabla ya uchumaji kuanza. Anayeazima waya aandike jina lake daftarini na azirudishe jioni ile ile.

Katibu