Maandiko ya Dawa

Tazama sanduku la dawa katika duka hapa Goma. Limeandikwa jina la dawa, mahali ilipotengenezwa, na siku ya mwisho ya kuitumia. Lakini je, maandiko hayo ni ya kweli? Macho peke yake hayawezi kujua.

Mwishoni mwa mwaka 2014, katika eneo la Ituri, kaskazini mwa Kivu, wagonjwa walianza kupindika shingo na uso. Waganga walidhani ni homa ya uti wa mgongo. Baadaye vidonge walivyomeza vilipimwa. Chupa ilisema diazepamu. Kumbe ndani mlikuwa haloperidoli, dawa nyingine kabisa. Mamia ya watu waliumia, hata watoto wadogo, na wengine wakafa.

Kwa hiyo Serikali lazima ipime dawa kabla hazijauzwa. Mwaka 2020 Kongo iliunda ACOREP kwa kazi hiyo.

Anayebandika uwongo juu ya dawa avunja amri ya nane, na tena ya tano. Nanyi watoto, msimeze kidonge kisicho na jina. Someni kwanza, mkamwulize mganga.

Maswali: Chupa ilisema nini? Ndani mlikuwa nini?